Kabla ya kibali, njooni kwanza na mpira wa maji

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu we punguza unavyoona ila sehemu ya maji naomba usiiguse, mana hiyo ndiyo iliyonikalisha chini niandike, mimi ambaye barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kuomba kazi.

Mimi ni fundi mwashi, nimestaafu kwa ajili ya magoti, naishi Ngamiani hapa Tanga kwenye zile barabara zetu za namba. Barabara ya ngapi sisemi, sitaki watu waanze kunyoosheana vidole. Mbele ya nyumba yangu kuna kiwanja hakijajengwa tangu nimehamia, katikati kuna mkungu mkubwa, watoto wanacheza mpira hapo, arusi turubai zinafungwa hapo, maulidi hapo, mbuzi wa jirani wanashinda hapo, na usiku, tusidanganyane, vibaka na wavuta bangi nao hapo hapo. Sasa wenyewe wamejitokeza, wamezungushia mabati upande mmoja na wameomba kibali cha kujenga.

Tukaitwa ofisi ya mtaa. Mtendaji akaeleza kwamba ni jengo la ghorofa tatu, chini fremu za maduka, juu vyumba vya kulala wageni, na kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha makazi na sasa kinaombewa biashara basi wananchi wasikilizwe kabla mambo hayajaenda mbele. Hapo nampongeza, mana kwingine mnaamka tu asubuhi mnakuta kijiko kinachimba. Lakini kile kikao jamani! Kila mtu alikuja na lake. Kuna mzee mwenzangu alisimama akasema hili ni eneo la wazi na eneo la wazi halijengwi. Kuna kijana akadakia mita 60, mita 60, sheria inasema mita 60, mpaka mtu akamuuliza mita 60 kutoka wapi, akasema kutoka baharini, watu wakavunjika mbavu. Ile ipo kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe, lakini sisi bahari tunaisikia tu, hatuioni. Hayo ni ya watu wa Raskazone kule ufukweni, wao ndio wakabishane nayo. Na vijana wa bodaboda wao walishajenga jengo lote kichwani, nani atachukua fremu ipi, nani atafungua saluni.

Nianze na hili la wazi mana ndilo limetugombanisha. Kwa Kiswahili chetu neno ni moja lakini mambo ni mawili. Kuna eneo la wazi, lile ambalo mchoro wa mipango miji umelitenga liwe la umma, la kuchezea na kupumulia, hilo halina mwenyewe na ukiona mtu anachimba msingi pale piga kelele mpaka wakusikie Pongwe. Alafu kuna kiwanja kiko wazi kwa sababu mwenyewe hajajenga, hana hela au warithi wanagombana. Chetu ni hiki cha pili. Kina namba, kina bikoni za mipaka, kina hati, risiti za kodi ya ardhi tumeonyeshwa. Mimi mwenyewe miaka hiyo marehemu baba yao aliniita nimpigie hesabu ya msingi, tofali ngapi, saruji mifuko mingapi, nikaandika kwenye karatasi ya daftari, hela ikakata ikaishia hapo. Kwahiyo nikimsikia mtu anasema ni cha umma namwambia hapana bwana, ni cha watu, sisi tulikuwa tunakitumia tu na hawakutufukuza, tuwashukuru.

Na mimi nataka wajenge. Naliweka wazi hilo, nimeshaitwa msaliti kwa ajili yake pale kwenye kahawa. Pakiwa na fremu pakiwa na taa, binti akitoka tuisheni saa moja usiku sina haja ya kutoka na tochi kumpokea.

Sasa njoo kwenye ramani. Zilibandikwa ukutani kwa selotepu, karatasi nne. Watu wote wakajazana kwenye ile ya kwanza yenye picha ya rangi, jengo linang'aa, magari mapya yamepaki mbele, wazungu wanatembea na mabegi, na miti ambayo sijawahi kuona ikiota Tanga. Mimi nikaenda kwenye karatasi ya pili ile ya mistari mitupu ambayo hakuna aliyekuwa nayo habari. Mbele ya jengo umechorwa mstari wa vipande vipande unaofuata barabara, na pembeni imeandikwa kizungu kwamba huo ni mtaro uliopo. Maji ya paa, maji ya sehemu ya kupaki, yote yameelekezwa humo kwa vishale vidogo vizuri kabisa.

Nikamwita yule kijana mchoraji, kijana mstaarabu wala sina neno naye, nikamuuliza mwanangu huu mtaro umeuona? Akasema mzee upo kwenye ramani ya zamani. Nikamwambia sikuulizi ramani, wewe mwenyewe umeuona? Akacheka, watu wakacheka, nikarudi kukaa.

Mtaro haupo. Ulikuwepo, na haukupotea hivihivi. Nikishika kalamu nisijifanye walii hapa, ule mtaro umekaliwa na mabaraza ya nyumba na matatu kati ya hayo nimeyajenga mimi kwa mikono yangu, na la kwanza ni la kwangu. Ilikuwa baada ya ile elinino ya 1997 na 98, kila mtu anataka kuinua baraza maji yasimwingilie, wateja wanapanga foleni, tukawa tunaufunika mtaro kwa zege na chini tunaacha bomba la inchi nne eti maji yapite. Inchi nne, kwa masika ya Tanga! Mwaka uleule bomba likaziba kwa mifuko na maganda ya machungwa, na hakuna wa kulizibua mana liko chini ya zege. Kibali hatukuomba hata mmoja, sikumbuki hata mtu kulitamka hilo neno. Kwahiyo ninapoandika kuhusu kibali cha mwenzangu najua nimesimama wapi.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza kikaoni ni hili, kama mtaro umekufa miaka yote hiyo maji yalikuwa yanaenda wapi?

Jumamosi iliyofuata nikatoa mpira wangu wa kupimia maji. Kwa wasioujua ni mpira mweupe unaoonyesha ndani, unaujaza maji, unatoa mapovu yote, alafu huyu anashika ncha hii na yule ile, maji yakitulia pande zote mbili hapo ndipo usawa ulipo, hauna ubishi. Ndio tuliokuwa tunapimia misingi kabla ya hizi mashine za leza, na mpaka leo mi naamini mpira, mpira hauishiwi chaji. Mjukuu wangu wa darasa la sita akashika ncha moja. Usawa wa barabara tukauweka alama ya mkaa kwenye nguzo ya umeme, tukawa tunasogea na vigingi mpaka nyuma kabisa, watoto wamesimamisha mpira wao wanatuangalia kama tunatafuta madini. Kona ya mbele kiwanja kiko chini ya barabara kwa sentimita 15. Pale kwenye mkungu 28. Kona ya nyuma 46. Nyumba zetu sasa, baraza langu liko juu ya barabara sentimita 20 tu, na jirani zangu wawili ambao hawakuinua wako sawasawa na barabara.

Kile kiwanja ndiyo bakuli letu. Maji yote yakishuka yanapita mbele ya milango yetu yanaenda kulala pale chini ya mkungu, yanakaa yanazama taratibu. Masika ya 2024, ile iliyofuata vuli ya elinino ya 2023, yalisimama siku nne, watoto wakageuza bwawa la kuogelea na mama zao wanawafukuza na mwiko, lakini ndani kwangu halikuingia tone. Sikujua nimshukuru nani, kumbe nilitakiwa nimshukuru marehemu aliyeishiwa hela ya saruji.

Hesabu yenyewe ya fundi wa darasa la saba ni hii. Nimepima kwa hatua, kiwanja ni kama mita 40 kwa 30, hiyo ni mita za mraba 1,200. Ukichukua wastani wa kina sentimita 30 unapata mita za ujazo 360, yaani lita 360,000. Lile boza la maji la lita 10,000 mnalijua, basi ni maboza 36. Yapange kwenye barabara yetu uone yataishia wapi. Na karatasi ya tatu ya ramani inaonyesha sakafu ya fremu itakaa sentimita 60 juu ya barabara. Simlaumu hata kidogo, hata mimi ningejenga hivo, nani anataka maji yaingie dukani kwenye magunia ya sukari? Lakini ili afike hapo lazima ajaze kifusi, na kifusi kikiingia bakuli limekwisha, yale maboza 36 yanabaki barabarani yanatafuta pa kulala, na pa kulala pa karibu ni kwa wale jirani zangu wawili, alafu kwangu.

Wakaguzi walishakuja kabla ya kikao, mwezi wa pili, jua la utosi, vumbi tupu. Dakika kumi. Mmoja hakushuka hata garini, kiyoyozi kinanguruma. Ukikiangalia kiwanja mwezi wa pili ni ardhi kavu yenye mti na mbuzi, kitu gani kitakachokushtua hapo? Simtaji mtu wala ofisi, na huenda walikuwa na viwanja vingine kumi siku ile, ila kama mtu hajaja na mpira au na hiyo leza yao akapima barabara ikoje na kiwanja kikoje basi hajakagua, amepita kusalimia.

Kwahiyo ninachoomba, na hiki ndicho nilichokifuata gazetini, ni sentensi moja tu iandikwe kwenye masharti ya kibali. Kwamba lori la kwanza la kifusi lisimwage mpaka mtaro wa barabarani uwe umefukuliwa na kujengwa kuanzia mbele ya kiwanja hadi kwenye kalavati la njia panda. Basi. Kibali huwa kinatoka na masharti, si jambo geni, na ile Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ndiyo inayowapa wanaotoa kibali nguvu ya kuyaweka. Na barabara zetu tangu 2017 ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mtaro unakaa kwenye eneo la barabara, kwahiyo nao waitwe siku hiyohiyo moja wote wakae chini ya mkungu, sio leo aje huyu na kesho yule, kila mmoja anatuambia mwenzake ndiye anayehusika.

Nani alipe? Hapo ndipo kikao kilipovunjikia. Mwenye kiwanja anasema mtaro sikuuziba mimi, na kweli hakuuziba. Majirani wanasema sisi tulikuwa salama mpaka alipokuja yeye, na hiyo nayo kweli. Mimi nasema kijiko kitakuwepo pale kuchimba msingi, kulichepusha nusu siku kufukua mtaro hakutamfilisi mtu anayejenga ghorofa tatu. Na sisi wenye mabaraza tuyavunje wenyewe bila kulipwa fidia, mana tulijua tunachofanya. Kuna waliokasirika niliposema hivo, mmoja mpaka leo salamu yangu haitiki, baraza lake nilimjengea mimi na hela ya umaliziaji bado namdai, tuyaache hayo.

Yapo mawili mengine madogo, kwa wenyewe si madogo. Nyuma ya kiwanja kuna bi mkubwa anaishi na mabinti zake, nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba mbele na ua nyuma, na maisha yote yako uani, kufua huko, kupika huko, kukuna nazi huko, kitambaa kichwani akijisikia au hana. Pale kikaoni hakusema kitu, wanaume walikuwa wengi. Akanisubiri mlangoni akaniuliza mwashi, hayo madirisha ya ghorofani yatakuwa yanaangalia wapi? Nikarudi kutazama, yanaangalia kwake, vyumba sita vya wageni kila ghorofa na vibaraza vya kuvutia hewa juu. Waja leo waondoka leo, si ndo wanavosema, sasa hao waja leo wawe wanakunywa chai asubuhi wanamtazama mtu na kanga moja? Dawa yake rahisi sana na haiongezi gharama, upande ule madirisha yawekwe juu zaidi ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na vibaraza vihamie upande wa barabara, au pajengwe matofali yenye matundu, hewa inapita jicho halipiti. Wajenzi wa zamani wa pwani hii hawakuhitaji kuambiwa hilo. Nimemwambia mchoraji, amesema atalifikisha. Nimemwambia asilifikishe, alichore.

La pili ni choo. Mtaa wetu hatuna bomba la maji taka, kila mtu na shimo lake. Wageni wa vyumba vile wote wanaoga na kuvuta maji, na yote yanaenda kwenye karo la choo na shimo la kuzamisha ambalo limechorwa kona ya nyuma, ileile ya sentimita 46, ambako ardhi inashiba maji kabla ya kwingine kote. Nyumba tatu za jirani zina visima, vya chumvi lakini bomba likikata ndio tunaogea. Bwana afya aje na yeye aangalie umbali, mimi hapo nimefika mwisho wa ujuzi wangu.

Mambo ya maegesho na bajaji siyagusi, yatajipanga yenyewe kama yalivyojipanga Ngamiani kote.

Kuna walioniuliza mbona huogopi ghorofa kuanguka, wanakumbuka Kariakoo Novemba 2024, na wengine lile la Dar Machi 2013 pale mtaa wa Indira Gandhi lililoua watu zaidi ya 30. Naogopa sana, ila hofu yangu inapungua nikiona bango la mradi limesimamishwa lina jina la mkandarasi na la injinia aliyesajiliwa, na nikiona injinia huyo anakuja kuhesabu nondo kabla zege halijamwagwa na sio kuletewa picha kwa simu. Pale pamewekwa mabati tu mpaka sasa, bango bado. Tuseme wanasubiri kibali.

Wapo watakaosema mzee huyu anachelewesha maendeleo. Mtaro wa urefu ule mimi na vijana wanne na kijiko kile tunaumaliza kwa siku tisa, tofali na zege na mifuniko juu ya kutoa na kurudisha, sio ile ya kufunika moja kwa moja kama niliyofanya. Siku tisa kwenye jengo la miaka miwili. Na masika yako mlangoni, kama wana shaka na vipimo vyangu wasubiri mvua kubwa moja tu waje na viatu vya mpira, nitawapa viti.

Baraza langu nitalivunja mwenyewe siku mtaro utakapoanza, nyundo kubwa ninayo na mjukuu ameshaomba apewe zamu ya kwanza. Anayetaka kuuona mpira au kubishana na alama za mkaa, ziko bado kwenye nguzo ya umeme kama watoto hawajazifuta, na mimi napatikana barazani hapohapo kila siku baada ya laasiri, mpaka litakapovunjwa.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga